Tani 30, na Picha Hamna

Mimi riziki yangu ni picha za pasipoti. Mteja anaingia, anakaa kwenye kiti, namwambia tazama hapa, usicheke, vua miwani, tayari, lipa. Hata kichanga nimeshakipiga picha kikiwa macho wazi. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiambia, "Shemeji, twende Watamu tukapige picha nyangumi," nilijua ni kazi nyepesi. Kichanga kina kilo tatu na kinatosha kwenye fremu. Huyu nyangumi wa nundu ana tani 30 na urefu wa mita 14 hivi. Atanipotelea wapi?

Sasa nataka mtu aniambie, ratiba ya huyu mnyama imepangwa na nani?

Anatoka Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000, anakuja kupandana na kuzaa kwenye maji yetu ya vuguvugu hapa pwani ya Kenya. Karibu sana, sisi watu wa Pwani hatuna neno na mgeni. Lakini anakuja Julai mpaka Oktoba. Kusi! Kuna miezi mizima ya kaskazi, bahari imelala, unaweza kunywa kahawa chomboni bila kumwaga tone. Hiyo haimfai. Ikifika kaskazi yeye keshaondoka, yuko kwao kusini anakula uduvi. Anasubiri upepo uchachamae, wavuvi wenye akili wavute madau yao pwani, ndipo aje. Na akija hali kitu, mama anaishi kwa mafuta yake ya mwilini mpaka arudi kwao. Yaani huyu ndiye mtalii pekee anayekaa Watamu msimu mzima bila kuacha hata shilingi kumi hotelini.

Nina binamu yangu Muscat, akinipigia simu hunicheka. Nyangumi wa nundu wa Bahari ya Arabia hawahami. Wako hapohapo mwaka mzima, wanakula hapo, wanazaa hapo. Ni wachache mno, kwenye maji ya Oman wanakadiriwa hata mia hawafiki, lakini wametulia kwao. Nikamuuliza, wewe ushapata picha yao? Akasema simu inakatika.

Basi tukapanda boti. Kule studio nina kiti cha kuzunguka. Kwenye boti kinachozunguka ni studio. Tulipovuka tu mlango wa miamba, lile wimbi la nje likatupokea, na mimi nikatembea chombo kizima kutafuta pahali pa kusimama. Wazee walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilienda tezi huko nyuma, nikaenda omo kule mbele, na nilichorudisha ngamani, tumboni mwa chombo, ni chai ya asubuhi na mahamri yake. Shemeji ananipa tangawizi, ananiambia, "Tazama upeo wa macho, shemeji, utatulia." Upeo wenyewe ulikuwa unapanda na kushuka.

Halafu kuna huyu kijana mwongozaji. Mwenyezi Mungu amsamehe. Yeye boti kwake ni uso wa saa, omo ndiyo kumi na mbili ya mzungu. Nyangumi akitoka kulia, anaita kwa Kiingereza kwamba ni saa tatu, kisha kwa hisani yake anatugeukia sisi wenyeji: "Saa tatu, jamani, saa tatu!" Sasa mimi saa tatu yangu naijua tangu nizaliwe, ni saa ya chai ya asubuhi, na mshale uko kwenye tisa. Kushoto! Wenyeji wote tukageuka kushoto, tukapiga picha paa za makuti za hoteli. Wageni wakageuka kulia na kusema aaah. Tukamlalamikia. Akasema, haya, nimeelewa, nitawatajia saa zenu. Nyangumi akatoka tena kulia, kijana akaita, "Saa tisa!" Kufikia hapo sisi tulikuwa tumeshaizoea ile saa ya mzungu, tukageuka kushoto tena. Ndugu zangu, kuna neno linaitwa kulia na kuna neno linaitwa kushoto. Tumelirithi bure.

Nahodha naye mtu wa sheria. Akifika mita 100 anapunguza injini, anasema mwisho wetu hapa, asogee mwenyewe akipenda. Sikatai, ana mtoto ubavuni, nani anapenda kuzongwa na mtoto mkononi? Ila kwa lenzi ya studio, mita 100 inafanya tani 30 ziwe nukta. Shemeji alikuwa ameazima lenzi ndefu kwa mtu. Lenzi ndefu kwenye bahari ya kusi ni adhabu. Unalenga nyangumi unapata mawingu, unalenga mawingu unapata goti la jirani.

Na jirani mwenyewe nani? Bibi mmoja wa Kiitaliano, maana Watamu na Malindi ni kwao kama ilivyo kwetu. Mama mwema, ametugawia biskuti. Lakini amevaa kofia ya ukili pana kama ungo, kaifunga kwa utepe mwekundu isichukuliwe na upepo, na kila nyangumi akitoka, yeye husimama mbele yangu. Siku hizi kamera inajichagulia yenyewe kitu cha kukaza macho. Mbele yake pana nyangumi, pana wimbi, pana kofia. Inachagua kofia! Nyangumi nyuma huko ni ukungu wa kijivu, lakini ule ukili unauona mshono kwa mshono.

Nikasema sawa, nitamvizia. Nimeshavizia watoto wakorofi, sembuse huyu. Anatoa pumzi, ule mvuke unaruka juu, anapumua mara mbili tatu, kisha anakunja mgongo anazama. Hapo humwoni dakika tano, kumi, wakati mwingine zaidi. Mwenyewe anajua. Unasimama na kamera usoni mpaka mkono unakufa ganzi. Ukishusha kamera tu, ukitoa kitambaa ufute chumvi kwenye kioo, huyo! Kiwiliwili chote nje ya maji, mapezi yametanuka, anaanguka, boti zima linapiga kelele, na wewe umeshika kitambaa.

Picha nilizopata nyingi ni za lile doa. Nyangumi akizama, mkia wake unasukuma maji, juu panabaki duara laini lisilo na viwimbi. Nina madoa ya kila saizi. Ni picha nzuri sana za mahali alipokuwa.

Kilichoniuma zaidi ni dada mmoja mtafiti. Akaniambia, "Kaka, wewe mpiga picha, tusaidie, tunahitaji vitambulisho vyao." Nikajinyoosha, nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Nikauliza, uso au ubavu? Akasema mkia, upande wa chini. Ati kila mmoja ana madoa yake meupe na meusi chini ya mkia, hayafanani na ya mwenzake, na kwa hayo wanamtambua mwaka huu na miaka ijayo. Jamani! Miaka yote nawaambia watu tazama hapa, usicheke. Huyu anapigwa picha ya kitambulisho akikupa kisogo, anazama zake, na ndiyo inayokubalika! Mteja wangu aliyekataliwa picha yake kwa sababu sikio moja halikuonekana angesikia haya angelia.

Kisha wakateremsha kinasa sauti majini, tukasikia dume anaimba. Wanaimba madume tu, wimbo uleule, wanaurudia saa nyingi. Watu wakafumba macho kwa utamu. Mimi nikauliza, sasa hii nitaipigaje picha? Hakuna aliyenijibu.

Shemeji akasema achana na nyangumi, tupige ndege. Tukiwa karibu na Kisiwa cha Nyangumi, pale mlangoni mwa hori ya Mida, buabua, wale ndege wa bahari wanaofanana na shakwe, wanataga kipindi hichohicho cha kusi, kwa hiyo hushuki, unapita kwa mbali. Buabua mweupe, juu yake wingu jeupe. Bibi harusi mbele ya ukuta mweupe namuweza, namsogeza hatua mbili kwenye pazia. Buabua utamsogeza uende naye wapi? Ukiipa kamera mwanga anayeyuka winguni, ukipunguza anatoka kunguru.

Na huko nje kwenye maji makuu kuna kidege kidogo cheusi, kiunoni kina weupe, vitabu vya ndege vinakitaja kwa jina la Wilson. Uzito wake ni gramu 40 hivi. Nacho kinatoka Antaktika! Kinakimbia juu ya maji kwa miguu, kinachezea wimbi, kinapita chini ya omo, kinatokea tezi. Mmoja ana tani 30, mwingine gramu 40, wametoka bara moja, na nina hakika walikaa kikao kabla ya kusafiri.

Halafu watu wananiambia nishukuru, kwamba tangu uwindaji wa biashara usitishwe mwaka 1986 nyangumi hawa wameongezeka. Nimefurahi. Waongezeke. Na mmoja wao atoke upande nilioangalia.

Nikarudi nyumbani, chumvi mpaka kwenye nyusi. Mke wangu akachukua kamera, akavaa miwani, akaanza kupitisha picha moja moja.

"Baba Zawadi, nyangumi yuko wapi?"

"Huyo hapo."

"Hapo ni maji."

"Yuko chini ya maji. Ndiyo kwanza amezama."

Akapitisha. Maji. Akapitisha. Paa la makuti. Akapitisha, akasimama, akarudisha nyuma, akaipanua kwa vidole.

"Na huyu wa kofia ni nani? Mbona yuko kwenye picha zote?"

"Nyangumi yuko nyuma yake."

"Enhe," akasema. "Nyuma yake." Akaita, "Kaka! Hebu njoo hapa uniambie mlikwenda wapi."

Shemeji akajibu kutoka uani kwamba yeye hakuona kitu, alikuwa anatapika.