Sadako wa Filamu Anamshinda Sadako wa Kitabu

Wapenzi wa vitabu wana hukumu moja ambayo hutoka kabla hata filamu haijaonyeshwa: kitabu ni kizuri zaidi. Kwenye hadithi za mapenzi au za vita siwabishii. Kwenye hadithi za mizimu nabisha, na shahidi wangu ni Sadako, mzimu wa Ring: riwaya ya Mjapani Koji Suzuki iliyotoka mwaka 1991, na filamu iliyoongozwa na Hideo Nakata mwaka 1998.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kuna mkanda wa video. Ukishautazama simu inalia, na siku ya saba unakufa. Kitabuni anayehangaika kuutegua ni Asakawa, mwandishi wa habari mwenye mke na binti mchanga, akisaidiana na rafiki yake Takayama. Suzuki anaandika kipelelezi: kila picha ya mkandani inachambuliwa, kila fununu inafuatiliwa. Inanoga, sikatai. Tena kuna kejeli moja humo ambayo laiti Nakata angeibakiza: mwishoni mwa mkanda palikuwa na maelekezo ya kujinusuru, lakini vijana waliotangulia kuutazama wamerekodi juu yake tangazo la dawa ya mbu ya kuchoma.

Ugomvi wangu na Suzuki ni kwamba hawezi kuacha kitu bila kukieleza. Sadako, msichana aliyetupwa kisimani, ana nguvu za ajabu za akili, sawa, lakini laana yake inafungamanishwa na virusi vya ndui, na inataka kuenea kama virusi. Wazo la kijanja. Ila kurasa za mwisho nilizisoma nikiwaza maabara, kisima nimeshakisahau.

Sasa tazama alichofanya Nakata. Kitabuni Takayama anakufa akiitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo cha kujitazamia. Hakuna kinachotoka popote. Kwenye filamu, televisheni inajiwasha yenyewe. Kinaonekana kisima, picha ina chenga. Mkono unashika ukingo, anatoka msichana wa gauni jeupe, nywele zimemfunika uso mzima. Anasogea, anasogea, na wewe mtazamaji bado unajiambia hiyo ni picha tu. Mara anatoa kichwa nje ya kioo cha televisheni, anatambaa sakafuni, na vidole vyake havina kucha. Ukishaziona kuta za kisima kile, hakuna haja ya mtu kukueleza kucha zilikwenda wapi.

Na ule mwendo! Mwigizaji Rie Inō alitembea kinyumenyume mbele ya kamera, kisha picha ikageuzwa, ndiyo maana kila kiungo kinaonekana kwenda kivyake. Andika "alitembea isivyo kawaida" mara mia, hutafika hapo. Ndui nayo Nakata kaitupa. Wajapani wana mizimu ya wanawake visimani tangu zamani, kama Okiku anayehesabu sahani hadi tisa asiipate ya kumi, na filamu imemrudisha Sadako kwa ndugu zake hao.

Anayedhani nampendelea Nakata aangalie yaliyotokea siku ileile. Tarehe 31 Januari 1998 Ring ilitoka ikiwa imeambatana na filamu ya pili, Rasen, iliyotokana na riwaya ya Suzuki inayofuatia. Humo daktari anaipasua maiti ya Takayama, na mambo yanaishia kwenye virusi na vinasaba. Ring ikawa gumzo, Rasen ikapuuzwa, na mwaka uliofuata Nakata akatengeneza Ring 2 kana kwamba Rasen haikuwahi kuwepo. Ulimwengu ni uleule na wafu ni walewale. Kilichoongezwa kwenye Rasen ni maelezo.

Mwandishi Stephen King naye hakuipenda filamu ya The Shining ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, akaandika mwenyewe tamthilia ya televisheni ya mwaka 1997 iliyofuata riwaya yake. Riwayani kuna vichaka vilivyokatwa maumbo ya wanyama, vinavyosogea usipovitazama. Usiku niliovisoma taa sikuizima. Kwenye tamthilia wale simba wa majani, waliochorwa kwa kompyuta, wanachekesha. Kubrick aliwaacha kabisa, na alijua kwa nini.

Mpinzani wangu atanitajia riwaya ya The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959, na hapo sauti yangu inashuka. Eleanor yuko gizani, ameung'ang'ania mkono wa Theodora huku wakisikia mtoto akilia. Taa inapowaka, Theodora yuko kitandani kwake, upande wa pili wa chumba. Mkono ule ulikuwa wa nani? Jackson hasemi. Robert Wise, katika filamu yake ya 1963, naye hakusema. Mlango unavimba kwa ndani kama kifua kinachopumua, basi. Toleo la 1999 likaonyesha kila kitu, na halimtishi mtu. Hii nampa Jackson. Wise kamkaribia sana, lakini ule mkono niliuhisi zaidi nikisoma.

Kwa Ring msimamo wangu ni uleule. Anza na filamu ya Kijapani, si ile ya Marekani ya mwaka 2002 yenye historia ndefu ya farasi na kisiwa. Riwaya ifuate, ina raha yake ya kipelelezi. Rasen achana nayo.