"Huku ni kwema": tuwafiche walio nyumbani au tuwaambie?

Simu inaita. Kabla ya kupokea, mtu aliye ughaibuni anajikoholesha kidogo, anafuta macho, anawasha taa ili video isionyeshe giza la chumba. "Huku ni kwema, mama. Baridi tu." Akishakata, anarudi kitandani alikolala na nguo za kazini tangu jana.

Anayeficha ana sababu, na sizibezi. Mzazi aliye mbali hana la kufanya ila kukesha. Isitoshe, habari ya mtoto kulemewa haikai kwa mama peke yake. Kufika jioni ukoo mzima unaijadili, na hawakosekani wa kusema kwamba amerukwa na akili. Aliyekopewa nauli na ndugu zake ataanzaje kusema ameshindwa?

Tena, si kila simanzi ya ugenini ni ugonjwa. Joseba Achotegui, daktari wa magonjwa ya akili wa Barcelona, alieleza mwaka 2002 hali aliyoiita sindromu ya Ulysses, kwa jina la shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyetangatanga miaka mingi mbali na kwao. Kwa maelezo yake, mhamiaji huomboleza mambo saba kwa mpigo: familia, lugha, utamaduni, ardhi, hadhi, watu wa jamii yake na usalama wa mwili. Kichwa kinauma, usingizi unakata, machozi yanakuja bila kuitwa. Achotegui alisisitiza kuwa huo ni msongo uliopita kiasi, si maradhi ya akili. Hapo namuunga mkono: asiye na kibali cha kuishi wala pa kulala hatatulizwa na vidonge peke yake.

Ila "huku ni kwema" ina deni lake, na linalipwa kila mwezi. Walio nyumbani wakiamini unazo, wataomba. Huo si ubaya wao, umewaambia wewe. Unaongeza zamu ya usiku ili utume, usingizi unapungua, marafiki wanakuzoea kuwa mtu asiyepatikana. Kinachoniuma zaidi ni kwamba unaongea na watu wako kila siku na bado hakuna anayekujua ulivyo.

Na upweke si jambo dogo. Mwaka 1932 Ørnulf Ødegaard, daktari wa magonjwa ya akili wa Norwe, alionyesha kuwa Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, walilazwa kwa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao waliobaki Norwe. Yeye alishuku kwamba wanaohama huondoka na udhaifu huo tayari. Watafiti wa baadaye wameelekeza macho zaidi kwenye ubaguzi na kutengwa huko waendako.

Kwa hiyo nasema hivi: kuhusu pesa, waambie wote ukweli. Kuhusu moyo, chagua mmoja ambaye hutahitaji kumfutia machozi kwanza, na huenda asiwe mama. Huzuni au kukata tamaa kukidumu wiki mbili karibu kila siku, mwone daktari. Omba mkalimani wa hospitali, usimtumie mwanao; atalazimika kutafsiri kilio cha mzazi wake, nawe utameza nusu ya maneno ili usimtishe. Mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri wiki mbili: piga namba ya dharura au mwambie mtu leo hii.

Simu ikiita tena, anza na jepesi: "Mwezi huu sina, na nimechoka." Kisha nyamaza, umwache naye aseme.