Julai Dodoma, tope liko wapi?

Mwezi Julai kamati ya klabu yetu ya gofu ilibandika tangazo kwamba katika shindano lote mchezaji anaruhusiwa kuinua mpira wake kwenye feawei (njia ya nyasi fupi iendayo kwenye shimo), kuufuta na kuuweka upya. Mvua za Dodoma kwa kawaida huisha Aprili, na kufikia Julai ardhi ni kavu kama kigae, kwa hiyo ningependa kujua ni tope gani tulilotakiwa kulifuta, ama ni taulo za makedi, wabeba mifuko yetu ya vijiti, ndizo zilizolalamikia kukosa kazi.

Ruhusa hiyo ni kanuni ya mahali, ambayo kamati huitangaza pale hali ya uwanja inapoharibu haki ya mchezo, kama vile baada ya mvua za mfululizo au, nakiri shingo upande, wakati wa joto kali. Kama tatizo ni vipara vya nyasi, basi vipara hivyo viwekewe alama kuwa eneo la matengenezo, ambako mpira huhamishwa bila adhabu, na kwingineko tuupige mpira palepale ulipotua.

Kinachoniudhi zaidi ni mazoea yanayojengeka. Kanuni ya 14.1 ya gofu inaruhusu mpira ulioinuliwa kwenye grini (nyasi fupi sana zinazozunguka shimo) kusafishwa wakati wowote; lakini ukiinuliwa kwingine ili kuangalia kama umepasuka, au kama mahali ulipo panastahili nafuu, yaani ruhusa ya kuuhamisha bila adhabu, au kwa sababu unamzuia mwenzako, haufutwi hata kidogo, na ukiinuliwa ili utambulike, hufutwa kwa kiasi cha kuiona alama yake tu. Anayekiuka huongezewa pigo moja. Katika shindano moja Dar es Salaam nilimshuhudia mwenzetu akiinua mpira kwenye nyasi ndefu ili autambue, na kabla hatujafumbua mdomo alikwisha kuung'arisha kwa taulo. Alipohesabiwa pigo la adhabu, alijitetea kwa hasira kwamba nyumbani kila mtu hufuta. Bahati mbaya alikuwa anasema kweli.

Tangu 2019 mchezaji halazimiki hata kumwarifu mwenzake kabla ya kuinua mpira ili autambue, maana yake kanuni imemkabidhi uaminifu wake mwenyewe. Tunamwandaaje mtu huyo, ikiwa mwaka mzima tumemfundisha kwamba mpira huokotwa tu?

Januari, udongo wa mfinyanzi utakapoganda kwenye mipira, nitakuwa wa kwanza kuiomba kamati itoe ruhusa hiyo, ila tangazo liandikwe tarehe na libanduliwe siku ileile uwanja unapokauka.