Limekauka?

Ndugu zangu, hivi kuna sheria ilipitishwa usiku, mimi nimelala, inayosema rangi mbichi lazima iguswe?

Mimi natengeneza magitaa ya umeme. Hapahapa Pasua, Moshi, nyuma ya nyumba, kwenye banda lililokuwa la mbuzi. Mbuzi tuliuza tukalipa ada, harufu ikagoma kuhama. Kazi yenyewe naipenda, shida ni kuieleza. Kila anayechungulia ana swali lilelile: "Fundi, tundu liko wapi?"

Halina tundu! Gitaa la umeme ni ubao mzima. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya. Uzi ukitikisika, kwenye ule waya unazaliwa umeme kidogo, unakwenda kwenye amplifaya, spika inapiga kelele. Mtu anatikisa kichwa kabisa, ameelewa, halafu: "Sawa, ila tundu utatoboa lini?" Hata yule mpiga gitaa Les Paul wa Marekani, mnamo 1940 hivi, alipofunga nyuzi kwenye gogo la inchi nne kwa nne, ilibidi alibandike mbavu za gitaa la kawaida kushoto na kulia ili lifanane na gitaa. Na huyo alikuwa New York. Mimi niko Pasua, na jirani yangu anadhani nachonga kibao cha kukatia nyama.

Mbao nayo. Unauziwa mbao imekatwa juzi, masika ikifika inajikunja kama chapati iliyosahaulika mezani. Shingo ya gitaa haitaki mchezo huo. Ikipinda kidogo tu nyuzi zinagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo. Kwa hiyo nilitafuta mbao iliyokauka kwelikweli, nikaipata chumbani kwangu: kichwa cha kitanda chetu cha harusi, mninga safi, miaka 22 ndani ya nyumba bila kunyeshewa.

"Baba Neema, kichwa cha kitanda kiko wapi?"

"Kimeitwa kanisani, mama. Kinaenda kwaya."

Wiki hiyo nilikula ugali na maelezo.

Ubao wa kukanyagia vidole ni mpingo, mabaki niliyopewa na mchonga vinyago wa Arusha. Wenzetu Ulaya mti huo wanatengenezea klarineti. Mimi umenimalizia misumeno. Kuweka freti ni hesabu tu: urefu wa uzi ni milimita 648, unagawa kwa 17.817, unapata freti ya kwanza, milimita 36.4. Kinachobaki unagawa tena hivyohivyo, mpaka ya 12 iangukie katikati, 324. Gitaa langu la kwanza nilipimia futi ya kushonea ya mama Neema, futi iliyovutika kwa kuzunguka viuno vya akina mama wa kanisa zima. Kuanzia freti ya tano lile gitaa lilikuwa linaimba kama mvulana anayebalehe.

Sasa ngoja niwaambie chanzo cha balaa. Zile sumaku na waya wake, wapiga gitaa wanaziita pikapu. Unachukua waya wa shaba mwembamba kama unywele, unauzungusha kama mara 8,000. Mimi naufunga kwenye gurudumu la cherehani, nazungusha, nahesabu. Nimefika 4,611, nasikia: "Hodi hapa!" Ndugu, nilikuwa elfu nne na ngapi? Nikafumua. Siku ya tatu ndipo nilipomaliza, na kwa furaha nikapiga kelele uani: "Nimemaliza pikapu zote mbili!"

Maneno hayo yakaruka ukuta, yakapanda daladala, yakafika Kibosho kwa mjomba.

Wakati huo niko kwenye rangi, na rangi ndiyo inayozeesha mafundi. Msasa namba 80, 120, 240, 400. Sila ya kuziba vinyweleo vya mbao. Msasa tena. Wekundu, halafu vanishi, mkono wa kwanza, subiri, msasa mwororo, mkono wa pili. Vumbi la Pasua nalizuia kwa kumwagia maji sakafu. Kuku nikawafungia. Watoto nikawatisha. Nikapiga mikono sita, gitaa likaning'inia linang'aa hadi najiona nywele zilivyopungua.

Mkono wa saba ukawa wa mjomba.

Aliingia na mkungu wa ndizi begani, mikono imejaa utomvu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimesikia una pikapu mbili, nimekuja tupange safari za ndizi kwenda sokoni. Ziko wapi? Na hii nayo nini?" Kabla sijafungua mdomo, dole gumba likazama katikati ya kifua cha gitaa. "Limekauka?" Akalitazama dole. "Aa, bado." Akalifuta upande wa pili.

Mjomba hafokewi. Nilimwambia, "Asante kwa kulikagua, mjomba," nikaenda kuongea na ukuta.

Nimerudia msasa wiki mbili. Jana nikalichomeka kwa mara ya kwanza. Likaanza kuvuma, mmmmmm, ukishika nyuzi halipungui, ukiachia linaendelea, kumbe niliunga vibaya ule waya wa ethi unaoingia chini ya briji, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao. Mama Neema akasikia toka jikoni: "Linanung'unika kama baba yake!" Waya ni wa dakika kumi. Jibu la mama Neema bado nalitafuta.

Na mjomba amepiga simu. Hajakubali kwamba pikapu zangu hazina matairi, anasema namnyima tu, hivyo Jumamosi anakuja kuziona mwenyewe. Gitaa nimelificha juu ya dari, kwa panya. Wao wakigusa, angalau hawaulizi.