Usajili wa Tanev na deni la mabeki Toronto

Tarehe 1 Julai 2024, siku ambayo ligi ya hoki ya barafu ya NHL hufungua soko la wachezaji huru, Toronto Maple Leafs walimpa Chris Tanev mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 27. Alikuwa na umri wa miaka 34. Siku hiyohiyo Oliver Ekman-Larsson, aliyebakiza wiki mbili kutimiza miaka 33, alisaini miaka 4 kwa dola milioni 14. Jumla ni milioni 41 kwa mabeki wawili wakongwe. Mashabiki wa Toronto waligawanyika saa ileile, na mgawanyiko huo haujapona.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: timu huingiza barafuni kipa na wachezaji watano, na kwa kawaida wawili kati ya hao watano ni mabeki. Kila mechi hutumia mabeki sita, jozi tatu zinazopokezana, kila jozi ikicheza chini ya dakika moja kabla ya kutoka kupumzika. Ligi nayo imeweka kikomo cha mishahara, na hakuna timu inayoruhusiwa kukivuka hata kama mmiliki wake ana utajiri wa kutisha. Msimu wa 2024-25 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 88. Kwa hiyo shabiki anapolalamikia mshahara wa beki, hamwonei mtu wivu. Dola anayopewa huyu amenyimwa mwingine, na ndiyo maana ubishi huu una uzito ambao huwezi kuukuta kwenye soka la Ulaya, ambako klabu tajiri hukosea usajili leo na kununua mwingine kesho.

Wanaoutetea usajili wa Tanev wanaanza na ukuta wenyewe. Msimu wa 2023-24 Toronto waliruhusu mabao zaidi ya 260. Kwa timu yenye washambuliaji wa kiwango cha Auston Matthews na William Nylander, hiyo ilikuwa aibu, na kila mtu aliona tundu lilipokuwa: upande wa kulia wa ulinzi hapakuwa na mtu wa kukabidhiwa mshambuliaji hatari wa wapinzani usiku baada ya usiku. Tanev ndiye beki wa aina hiyo. Hafungi, hapambi mechi, na jina lake halitajwi kwenye muhtasari wa mabao. Kazi yake ni kuweka mwili mbele ya shuti, kumfunga mtu kwenye kona, na kutoa pasi fupi iliyo sahihi. Huyo kwetu tungemwita beki kisiki. Tena hakuwa mgeni kwa Brad Treliving, meneja mkuu wa Toronto wakati huo, kwani ndiye aliyemsajili alipokuwa meneja wa Calgary mwaka 2020, kwa mshahara huohuo wa milioni 4.5 kwa mwaka. Alijua anachonunua.

Bei nayo inamtetea. Tazama mabeki wengine waliosaini siku hiyo. Brandon Montour alikwenda Seattle kwa miaka 7, zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Brady Skjei alipewa miaka 7 na Nashville kwa milioni 7. Matt Roy alipata milioni 5.75 Washington, Brett Pesce milioni 5.5 New Jersey, na Nikita Zadorov milioni 5 Boston, wote kwa miaka 6. Kati ya hao wote Tanev ndiye aliyekuwa wa bei ndogo, na kwa ulinzi mtupu, bila kuhesabu mabao, sioni hata mmoja aliyekuwa bora kuliko yeye.

Halafu kuna hesabu ambayo wapinzani wa usajili huu huipita haraka mno. Milioni 4.5 ilikuwa kama asilimia 5.1 ya kikomo cha mwaka 2024. Januari 2025 ligi na chama cha wachezaji walitangaza kikomo cha miaka inayofuata: milioni 95.5, kisha 104, kisha 113.5 kwa msimu wa 2027-28. Mshahara wa Tanev haupandi, kikomo kinapanda. Msimu huo wa 2027-28 atakuwa anakula chini ya asilimia 4 ya bajeti. Mkataba unaoonekana mzito leo unapungua uzito kila mwaka bila mtu kuugusa.

Kwa nini basi miaka 6? Hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali, na ni haki uwe mkali. Kinachohesabiwa dhidi ya kikomo ni wastani wa mshahara kwa mwaka, kwa hiyo timu ikitaka kumlipa mchezaji milioni 27 inaweza kuzigawa kwa miaka mitatu, ikawa milioni 9, au kwa sita, ikawa 4.5. Miaka ya mwisho ipo kupunguza wastani. Tanev atatimiza miaka 40 Desemba 2029, mkataba ukiwa bado hai. Sidhani kama kuna aliyekuwa mezani siku ile aliyeamini kwa dhati kwamba atacheza mpaka hapo. Na kwa kuwa alisaini kabla ya kufika 35, hakuingia kwenye kanuni kali ya wakongwe, ile inayoweza kuiacha timu na hesabu ya mkataba shingoni hata mchezaji akistaafu. Akiumia kwa muda mrefu, kanuni za majeruhi huipa timu nafuu. Watetezi wanaiona hiyo kuwa akili. Mimi naiona kuwa akili pia, lakini ni akili inayotegemea mwili wa mtu kuchakaa kwa wakati unaowafaa wahasibu, na hilo halinifurahishi hata kidogo.

Upande wa pili una kumbukumbu chungu. Shabiki wa Toronto mwenye umri wa kutosha anamkumbuka Jeff Finger, aliyepewa miaka 4 na milioni 14 mwaka 2008 na kuishia kwenye timu ya daraja la chini. Mwaka uliofuata akaja Mike Komisarek kutoka Montreal, miaka 5 kwa milioni 22.5, beki wa nguvu aliyetarajiwa kuwatisha washambuliaji. Mwaka 2013 timu ikamlipa aondoke. Wala balaa hili halikuwa la Toronto peke yao: Montreal walimpa Karl Alzner miaka 5 na zaidi ya milioni 23 mwaka 2017, na msimu wake wa pili haukufika mbali kabla hajashushwa Laval, timu yao ya daraja la chini. Kila mmoja wa hao alisajiliwa akiwa beki wa kutumainiwa. Kila mmoja aligeuka garasa, tena akiwa kijana kuliko Tanev alivyokuwa mwaka 2024.

Ekman-Larsson mwenyewe ni funzo linalotembea. Vancouver walimchukua kutoka Arizona mwaka 2021 pamoja na mkataba wake mrefu, na Juni 2023 wakaona heri wauvunje. Kanuni inasema timu inayovunja mkataba wa mchezaji wa umri wake hulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, kwa muda maradufu wa miaka iliyobaki. Ilikuwa imebaki minne, kwa hiyo Vancouver wanabeba jina lake kwenye hesabu zao mpaka msimu wa 2030-31. Mchezaji huyo akaenda Florida kwa mwaka mmoja, milioni 2.25 tu, akatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, na wiki moja baadaye Toronto wakampa miaka minne. Wapinzani wanauliza: kama Florida waliridhika naye kwa mwaka mmoja kwa bei ile, nyie mna haraka ya nini? Mtetezi atajibu kwamba Florida walimnunua akiwa ametoka kudhalilishwa, na Toronto wamemnunua akiwa bingwa. Bei ya soko ndivyo inavyokwenda. Jibu hilo ni la kweli, ila halimtulizi anayehesabu miaka.

Lakini hoja nzito kuliko zote za wapinzani haimgusi Tanev wala Ekman-Larsson. Inahusu kilichowatoa Toronto mwaka 2024. Walitolewa na Boston kwenye mtoano, katika mchezo wa saba na wa mwisho, kwa bao la muda wa nyongeza, 2-1. Katika michezo yote saba walifunga mabao 12. Walipata nafasi 21 za kucheza huku Boston wakiwa pungufu kwa adhabu, na wakafunga moja tu. Ukuta haukuwaua. Waliuawa na ukame wa mabao, kwenye timu ambayo washambuliaji wake wanne wakubwa, Matthews, Nylander, John Tavares na Mitch Marner, walikuwa wanaelekea kula zaidi ya milioni 46 kati ya zile 88. Ukiwa na ugonjwa huo, kununua mabeki ni kumpa dawa ya tumbo anayeumwa kichwa.

Msimu wa 2024-25 kila upande ulipata ushahidi wake. Mabao ya kufungwa yalishuka hadi takriban 230, na Toronto wakamaliza kileleni mwa kundi la Atlantic na pointi 108. Tanev na Jake McCabe walikuwa jozi iliyopewa kazi ngumu kila usiku na wakaifanya. Hata hivyo mabao ya kufunga nayo yalishuka, kutoka zaidi ya 300 hadi chini ya 270, kwa sababu kocha mpya Craig Berube alitaka mchezo mzito wa tahadhari. Na langoni alisimama Anthony Stolarz, aliyezuia asilimia 92.6 ya mashuti, akiwaongoza makipa wa ligi. Sifa ya ukuta ni ya beki, ya kocha au ya kipa? Anayeitoa yote kwa Tanev anazidisha. Anayemnyima kabisa hakutazama mechi.

Kisha ikaja mtoano wa 2025. Waliwatoa Ottawa kwa michezo sita, wakawakuta Florida. Stolarz akaumia katika mchezo wa kwanza kabisa. Toronto walishinda michezo miwili ya kwanza, halafu katika michezo minne ya mwisho wakafunga mabao manne tu. Mchezo wa saba, nyumbani kwao, walipigwa 6-1. Kombe la mwisho la timu hii bado ni lile la 1967. Wapinzani wakarudi na hoja yao ileile ya mwaka uliotangulia, na safari hii hawakuhitaji kuongeza neno.

Msimu wa 2025-26 ukaleta kile ambacho wote walikiogopa. Mwezi wa Oktoba Tanev aligongwa kichwani, akapumzishwa. Aliporudi tarehe 1 Novemba huko Philadelphia, alitolewa uwanjani kwa machela. Yeyote aliyeiona picha ile hakuwa tena na hamu ya kujadili asilimia ya kikomo. Namheshimu sana mchezaji huyu, na ninasema wazi kwamba kuumia kwake hakuthibitishi kuwa usajili ulikuwa mbaya. Angeweza kuumia hivyo akiwa na miaka 24. Ila anayemnunua beki wa miaka 34 ambaye mtindo wake ni kuutanguliza mwili amenunua pia hatari hiyo, na alijua.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kwa kumtazama Tanev peke yake, ningemsajili. Milioni 4.5 kwa beki wa kiwango kile, kwa timu iliyokuwa inausaka ubingwa wakati nyota wake wako kileleni, ni bei nzuri, na msimu wa kwanza alilipa. Ninachowalaumu Toronto ni kwamba walifika mahali ambapo hawakuwa na pengine pa kumpata beki isipokuwa sokoni, tarehe 1 Julai, siku ambayo kila kitu ni ghali.

Itazame safu yao ya ulinzi katika mtoano wa 2025. Tanev, Ekman-Larsson na Simon Benoit walitoka kwenye soko la wachezaji huru. McCabe alinunuliwa kutoka Chicago mwaka 2023, Brandon Carlo kutoka Boston Machi 2025. Morgan Rielly pekee, kati ya sita, ndiye aliyelelewa na timu yenyewe, baada ya kuchaguliwa katika zoezi la kila mwaka ambalo timu za ligi hupokezana kuchagua chipukizi, raundi kwa raundi, na huyo alichaguliwa mwaka 2012. Siyo kwamba hawakujaribu. Timothy Liljegren alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2017, Rasmus Sandin raundi ya kwanza mwaka 2018. Sandin aliuzwa Washington mwaka 2023, Liljegren akapelekwa San Jose mwaka 2024. Hakuna aliyewahi kuaminiwa na kazi ya jozi ya kwanza kwa muda mrefu. Beki hukomaa polepole kuliko mshambuliaji. Wengi huanza kuuelewa mchezo wanapofika miaka 24 au 25, na timu inayotaka ubingwa kila mwaka haina subira ya kumtazama kijana akikosea mwezi wa pili, kwa kuogopa kwamba atakosea pia mwezi wa nne, mtoano unapoanza.

Ndipo mzunguko unapojifunga. McCabe aligharimu nafasi ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza ya mwaka 2025. Carlo akagharimu ya 2026, ikilindwa, yaani Toronto wangebaki nayo, iwapo tu ingeangukia tano za juu. Ya 2027 ilikwenda Philadelphia kwa ajili ya mshambuliaji Scott Laughton, nayo ikilindwa kwa kumi za juu. Ukimuuza kijana na nafasi ya kumpata kijana mwingine, utalazimika kumnunua mkongwe. Na mkongwe akichoka, utanunua mwingine. Mashabiki wanaokesha wakibishana kama Tanev anastahili miaka sita au minne wangeitendea timu yao haki zaidi kwa kumbana meneja kwa swali hili: ni beki gani kijana, aliyeko sasa ndani ya timu, atakayepewa nafasi ya Tanev, na ataanza kupewa dakika lini?