Si usiku wa treni peke yake
Makala niliyoisoma kuhusu Gandhi, kiongozi wa kupigania uhuru wa India, inasema maisha yake yaligeuka usiku ule wa Juni 1893, aliposhushwa kwenye treni Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa sababu ya rangi yake. Naona mwandishi amekata hadithi mapema mno. Baada ya pale Gandhi, aliyekuwa wakili, aliendelea na kesi iliyompeleka Afrika Kusini, ikaisha, akajiandaa kurudi India. Kilichomzuia ni muswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal, koloni la Waingereza huko huko, haki ya kupiga kura, na habari yake aliisoma gazetini kwenye karamu ya kumuaga! Wenzake wakamsihi abaki, akakubali mwezi mmoja tu. Lakini aliiaga Afrika Kusini kabisa mwaka 1914. Mbona hao waliomsihi hawatajwi hata kwa mstari mmoja?