Uvumi wa Ebola Ulikuwa na Historia: Tuisome Beni Upya

Tarehe 30 Desemba 2018, Wakongo walipokuwa wakimchagua rais mpya, watu wa Beni, mji wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuwa wameambiwa wasubiri. Siku nne kabla, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba kura ya Beni na ya mji jirani wa Butembo inasogezwa hadi Machi kwa sababu ya usalama na kwa sababu ya Ebola. Wakazi wakaamua kujifanyia uchaguzi wao wenyewe. Wakapata pa kupigia kura, wakajipanga foleni, na kabla ya kupiga kura wakanawa mikono, kama watu wa afya walivyokuwa wakiwafundisha tangu Agosti. Kura zile hazikuwa na nguvu yoyote kisheria, na kila aliyekuwa kwenye foleni alilijua hilo.

Nalikumbusha tukio hili kwa sababu Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri imebaki vichwani mwa wengi kama habari ya watu wakaidi, waliochoma vituo vya matibabu, wakakimbia chanjo na kusema ugonjwa ni wa kubuni. Sehemu ya habari hiyo ni kweli na sitaificha. Lakini mtu anayeamini kwamba Ebola haipo hanawi mikono kwenye foleni ya kura ya kupinga serikali. Watu wale walijua ugonjwa upo. Walichokataa ni kitu kingine, na miaka yote hii hatujawasikiliza vya kutosha kukielewa.

Tuanze na upande wa waliokuja kuuzima moto. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wiki moja tu baada ya mwingine kumalizika mkoani Équateur, ambako watu 54 waliugua na 33 wakafa, kazi ikaisha ndani ya miezi mitatu. Kongo ilikuwa nchi yenye uzoefu wa Ebola kuliko nyingine yoyote duniani. Huo ulikuwa mlipuko wake wa 10 tangu ule wa Yambuku, kaskazini mwa nchi, mwaka 1976. Safari hii palikuwa na chanjo, ambayo Afrika Magharibi haikuwa nayo mwaka 2014 ilipokuwa ikizika watu kwa maelfu. Palikuwa na maabara, na palikuwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeujua ugonjwa huu tangu Yambuku. Baadaye, mwezi Agosti 2019, dawa mbili zilizokuwa zikijaribiwa palepale Kivu zilionyesha kwamba zinaokoa maisha. Pamoja na hayo yote, hadi mlipuko unatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki.

Kwa hiyo ninamwelewa mhudumu wa afya anayesema kwamba tatizo lilikuwa uvumi. Anaingia kijijini na chanjo inayofanya kazi, anarushiwa mawe. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, WHO, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu Butembo. Mwezi Novemba mwaka huohuo mtangazaji wa redio ya jamii aliyekuwa akihamasisha watu kuhusu Ebola aliuawa kwa kuchomwa visu nyumbani kwake Lwemba, Ituri. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja ya Februari, na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, wakalazimika kuondoka. Kila shambulio lilisimamisha chanjo na ufuatiliaji kwa siku kadhaa, na virusi havingoji watu wapatane. Yapo makundi yenye silaha yaliyofaidika na vurugu, na wapo wanasiasa waliouchochea uvumi wakijua kabisa ni uongo. Mtu aliyezika mwenzake namna hiyo ana haki ya kukasirika akisikia mimi ninatetea kutoaminiana.

Lakini turudi kwenye namba moja iliyonukuliwa kupita kiasi. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Walioamini kwamba Ebola haipo walikuwa asilimia 25.5. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019, hiyo robo ndiyo iliyobebwa na vyombo vya habari, na dunia ikatikisa kichwa. Robo tatu waliojua kwamba ugonjwa upo hawakutajwa. Na katika utafiti huohuo kulikuwa na namba ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote: walioamini kwamba viongozi wao wa mahali pale wanasimamia masilahi yao walikuwa asilimia 31.9 tu. Watu wasiowaamini viongozi ndio haohao waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda hospitali. Maana yake, theluthi mbili ya watu walishakata tamaa na wenye mamlaka, na wenye mamlaka ndio waliopewa kazi ya kuwaambia wamtoe mgonjwa nyumbani wampeleke hemani.

Tamaa hiyo ilikatikaje? Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimekuwa vikivamiwa na watu wanaochinja raia kwa mapanga, kundi la waasi la ADF, lenye asili ya Uganda, likitajwa zaidi, huku kambi za jeshi na za MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, zikiwa jirani. Miaka minne watu waliandamana, walizika, wakaomba ulinzi. Kisha ikaja Ebola, na barabara zikajaa magari meupe. Wageni wakapanga mahoteli, wakakodi nyumba na magari, wakaajiri. Jina la operesheni hiyo, Riposte, likawa kama jina la kampuni kubwa mpya mjini. Hebu jiweke mahali pa mama wa Oicha, karibu na Beni, aliyempoteza mumewe kwa panga mwaka 2016 na hakuona hata gari moja likija. Sasa anaona msafara unakuja kwa ajili ya homa. Swali lake la kwanza ni lile ambalo wewe na mimi tungeuliza: kwa nini sasa?

Surua nayo ilikuwa ikiua. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 Kongo ilirekodi zaidi ya watu 310,000 walioshukiwa kuugua surua na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya vifo vyote vya Ebola ya mashariki. Chanjo ya surua ipo tangu miaka ya 1960. Mzazi hakuhitaji kusoma takwimu; alipeleka mtoto mwenye homa zahanati akakuta hakuna dawa, na nje ya zahanati hiyohiyo kuna hema jipya lenye kila kitu, ila halikuwa la ugonjwa wa mwanawe.

Juu ya hayo, wakaahirishiwa kura. Hapa ndipo ninapokwama kila mara. Beni na Butembo zilikuwa ngome za upinzani. Makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi, watu walibanana kwenye pikipiki na mabasi. Kilichofungwa kwa jina la Ebola kilikuwa sanduku la kura. Pamoja na Yumbi, magharibi mwa nchi, iliyoahirishiwa kwa sababu ya mapigano, zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje, na Félix Tshisekedi akaapishwa Januari 2019 kabla wao hawajapiga kura. Siku moja baada ya tangazo la CENI, waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Tangu siku ile, aliyesema Ebola ni mpango wa kisiasa hakuwa tena na haja ya kubuni ushahidi, kwani serikali yenyewe ilikuwa imempa. Mtetezi wa CENI atasema usalama ulikuwa mbaya kweli, na ulikuwa mbaya. Ila ADF ilikuwa ikiua Beni tangu 2014. Kuichanganya sababu hiyo na Ebola, siku nne kabla ya kura, kulitia doa kwenye koti jeupe la kila muuguzi aliyekuwa akibisha hodi mlangoni.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu hawa waliumwa, na waliambiwa waje bila kushtuka kwenye unyasi uleule. Wahudumu walipohisi hatari, wakaja na askari. Najua ni vigumu kumwambia daktari aende bila ulinzi mahali alipouawa mwenzake. Lakini jeshi lile ndilo ambalo wakazi wengi walilishuku kwamba linajua zaidi kuhusu mauaji kuliko linavyosema. Machi 2019 Joanne Liu, aliyekuwa rais wa MSF, alisema hadharani kwamba kuwalazimisha watu kwa polisi hakufai kimaadili na kunaiharibu kazi yenyewe.

Fikiria kifo kimoja tu. Mama mkubwa amefariki usiku, na desturi inataka wanawake wa ukoo wamwoshe, watoto wamguse mara ya mwisho. Asubuhi wanakuja watu wasioonekana nyuso, wamevaa kuanzia kichwani hadi miguuni, wananyunyizia klorini kitanda na sakafu, wanamtia marehemu kwenye mfuko, zipu inafungwa. Hakuna aliyeona ndani. Jioni uvumi unaenea kwamba wametoa viungo. Kitaalamu timu ile ilifanya sawa, maana maiti ya Ebola inaambukiza kwelikweli. Lakini baadaye ilipoletwa mifuko yenye sehemu angavu, ndugu wakaweza kuuona uso wa mtu wao kabla ya kaburi. Shirika la tiba la ALIMA nalo likaweka vyumba vya plastiki angavu vituoni, mgonjwa akawa anaonana na mwanawe. Plastiki tu. Mifuko ile ingekuwepo tangu siku ya kwanza kama aliyepanga mahitaji angemuuliza mfiwa.

Na lugha pia. Tunaosoma Kiswahili hiki cha vitabu tunapaswa kulijua hili vizuri: Kiswahili cha Goma na Butembo kina njia zake, na wazee wengi wa Beni wanajisikia nyumbani zaidi katika Kinande, lugha ya Banande wa eneo hilo. Matangazo mengi yakaja kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, yakisomwa na watu waliotoka Kinshasa. Mtu akiambiwa habari ya kifo kwa lugha ya ofisini, anasikia ofisi.

Ninawasikia wanaosema uvumi wa wizi ulikuwa kashfa kwa watu waliojitolea. Wengi walijitolea kweli, na wengi wao walikuwa Wakongo wa palepale. Lakini waliosema kuna biashara ya Ebola walikuja kupewa sababu. Waziri wa zamani wa afya, Oly Ilunga, alihukumiwa Machi 2020 kifungo cha miaka mitano kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za Ebola, shtaka ambalo yeye alilikana. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na WHO ilieleza juu ya watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika operesheni ile, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa WHO. Wanawake waliahidiwa kazi, wakadaiwa miili yao. Uvumi wa mtaani ulikosea kuhusu virusi. Kuhusu baadhi ya waliokuja na magari, mtaa ulikuwa umewaona mapema kuliko Geneva, makao makuu ya WHO.

Ng'ambo ya mpaka, Kasese nchini Uganda, wanaishi Bakonzo, ndugu wa damu wa Banande, lugha karibu moja. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alivuka na familia yake kutoka Kongo akiwa mgonjwa. Yeye, mdogo wake na bibi yao wakafariki, na mnyororo ukakatika hapo. Uganda ilikuwa imeshachanja wahudumu karibu 4,700 kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Ulinganisho huu si wa haki kabisa, kwani Kasese haikuwa vitani. Lakini unaiondoa ile dhana kwamba mila za Wayira, yaani Banande na Bakonzo, ndizo zilizokuwa kikwazo. Mila ni zilezile pande zote mbili za mto Lubiriha, ulio mpakani.

Dunia yote ililipia kosa hilohilo la kusahau imani ya watu mwaka uliofuata. Oktoba 2019 orodha ya kimataifa ya utayari dhidi ya majanga ya afya iliiweka Marekani ya kwanza na Uingereza ya pili. Uviko ulipokuja, orodha ile haikutabiri chochote. Utafiti wa nchi 177 uliotoka mwaka 2022 ulikuta kwamba alama za utayari hazikuendana na maambukizi machache. Kilichoendana nayo ni imani ya watu kwa serikali na, zaidi, kuaminiana wao kwa wao. Watafiti walikadiria kwamba kama uhusiano huo ni wa chanzo na matokeo, na kila nchi ingekuwa na kuaminiana kama kwa Denmark, maambukizi yangepungua kwa asilimia 40 hivi. Kwa imani kwa serikali pekee, asilimia 13 hivi. Jirani anaokoa zaidi ya waziri. Na ni ujirani huo uliochanwa Beni: aliyeajiriwa na Riposte akaitwa msaliti, aliyepona akakimbiwa, aliyemripoti mgonjwa akatengwa na ukoo.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena, Butembo. Watu 12 waliugua, sita wakafa, na tarehe 3 Mei ikaisha. Oktoba ikatokea Beni, ikaambukiza 11 na kuua tisa, ikaisha Desemba. ADF ilikuwa bado inaua, na kufikia Oktoba mkoa ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Kinga iliyobaki kwa maelfu waliochanjwa ilisaidia bila shaka, na maabara tayari ilikuwepo. Lakini waliobisha hodi sasa walikuwa kwa sehemu kubwa wauguzi na wahamasishaji wa mitaa ileile, waliofundishwa katika ile miaka miwili mibaya. Walikuja bila msafara mrefu, na waliokuwa ndani ya nyumba waliwajua kwa majina.